Zamu Zilizonunua Mshambuliaji

Kila mwezi wa nane, ligi ya Uingereza ikikaribia kuanza, kwa kinyozi ninayemwendea kule Scarborough huzuka ubishi uleule. Timu tatu zimepanda daraja: zitumie kiasi gani kununua wachezaji? Mmoja atasema zimwage fedha zote zilizonazo, maana daraja la juu halina huruma. Mwingine atasema zitulie na vijana waliozipandisha, hata zikishuka zishuke na akiba yao. Watu wanatajiana mamilioni ya wenyewe kama wanavyotajiana bei ya nyanya. Mimi hukaa kwenye kiti cha ukutani nikingoja kunyolewa, sichangii, na kinyozi ameshazoea kunitania kwamba mpira siujui.

Naujua. Nilicheza beki wa kati katika timu iliyopanda daraja, hapahapa Toronto, na najua wachezaji wapya walinunuliwa kwa kitu gani. Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu nikilisema kwa kinyozi sauti itanipanda, na yule mtu hana kosa.

Timu yetu ilikuwa ya watu wa Afrika Mashariki. Ilianza na wapangaji wa majengo marefu ya Flemingdon Park waliokuwa wakicheza Jumapili kwenye uwanja ulio karibu na bonde, Watanzania na Wakenya kwa sehemu kubwa, na baadaye Wakongo wawili watatu. Tulijiandikisha katika ligi ya ridhaa ya Jumapili tukawekwa daraja la pili, na tukakaa humo miaka. Fedha za klabu zilikuwa ada zetu na faida ya pilau ambayo kina mama waliuza pembeni mwa uwanja. Zililipa uwanja, refa na jezi. Hazikuwahi kulipa kitu kingine.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa Nairobi aliyefika Canada kabla yetu wengi. Alikuwa na kampuni ya usafi yenye mikataba ya kusafisha maofisi upande wa Don Mills na Eglinton, na nyumba Pickering. Karibu nusu ya timu tulifanya kazi kwake. Ukishuka kutoka kwenye ndege huna mtu, ukaenda msikitini au kanisani ukauliza kazi, ungeelekezwa kwake, naye angekuuliza maswali mawili: una kibali cha kazi, na unacheza namba ngapi. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alinipa kazi wiki yangu ya pili nchini, na viatu vya baridi vilivyokuwa vya shemeji yake. Kwa miaka mingi nilimwombea dua.

Mwaka 2010 tulipanda daraja. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu, na wapinzani walikuwa na mshambuliaji mrefu aliyekuwa amewafunga watu wote wa ligi ile. Sare tuliipata bila bao. Tulikaba mchana kutwa kwenye mvua ya baridi, mimi na beki mwenzangu, fundi bomba wa Morogoro, mpaka refa alipopuliza kipenga nikakaa chini kwenye tope kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Kipa wetu, Mkenya mwenye mdomo, alinivuta mkono akaniambia niinuke, nitaota mihogo hapo. Jioni ile nilimpigia mama simu nikamweleza.

Mama alikuwa Muheza, peke yake. Baba alifariki nikiwa mdogo, na dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimtazama, alifariki mimi nikiwa nimeshafika huku. Sikwenda kumzika dada. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kumleta mama. Sheria ya wakati ule ilitaka mtoto anayemdhamini mzazi aonyeshe kwamba katika miezi kumi na miwili iliyopita kipato chake kimefika kiwango fulani. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa vizuri kabisa. Nilikuwa nafanya zamu tano za jioni kwa wiki na Jumamosi mbili kwa mwezi, na kwa zamu hizo nilikuwa juu ya kiwango kwa unene wa kidole. Nilishaanza kuhesabu miezi. Usiku wa sare ile ilikuwa imebaki mitano.

"Kwa hiyo mmefungana ngapi?" mama aliniuliza.

Nikamwambia hatukufungana.

"Sasa mnafurahi nini?"

Nikamweleza kwamba kutofungwa ndiko kulikotupandisha. Akacheka, akasema basi na yeye angekuwa mchezaji mzuri. Kisha akaniuliza kama kuku wanaweza kufugwa ghorofani, maana alitaka kujua awape majirani au awauze. Nilimwambia awape majirani. Niliona iko karibu hivyo.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Desemba katika ukumbi wa chini wa jengo letu. Ajenda ilikuwa moja: daraja la kwanza. Kocha alisema bila mshambuliaji wa kweli, winga na kipa wa akiba tutashuka kabla majani hayajaanguka. Mweka hazina, muuguzi wa Dodoma asiyependa maneno mengi, alisema kisanduku cha klabu hakina uwezo wa kumnunulia mtu hata nauli, na isitoshe ligi ya ridhaa inakataza kulipa wachezaji. Watu wakabishana kama wanavyobishana kwa kinyozi. Mzee mmoja akasema tupande na watu wetu, tukishuka tushuke nao. Mimi niliwakumbusha timu moja ya wilaya kule kwetu, iliyopanda, ikaleta wageni na kuwalaza gesti kwa fedha za wafadhili, na vijana waliokuwa wameipandisha wakarudi kuuza machungwa stendi. Msimu wa pili wageni waliondoka na timu haikuwepo tena.

Ndipo mwenyekiti aliposimama. Alisema tunasumbuka bure. Wachezaji ameshawaona, watatu, wazuri, na klabu haitatoa hata senti. "Ligi imekataza kulipa mchezaji," alisema. "Haijakataza mtu kupewa kazi. Nitawaajiri mimi. Wanafanya kazi, wanalipwa kwa kazi yao, Jumapili wanacheza. Nani ameibiwa hapo?"

Ukumbi ulipiga makofi. Mweka hazina naye alipiga, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kulikuwa na akili katika wazo lile, siwezi kukana. Timu kubwa duniani zinakopa benki, sisi tungejenga kikosi bila kukopa. Watu walitazamana kwa fahari, kama waliogundua kitu ambacho Wazungu hawajakigundua.

Nilinyoosha mkono. Nilimuuliza mwenyekiti kama amepata mkataba wa jengo jipya.

Akasema bado.

"Basi hizo zamu zinatoka wapi?"

Kabla hajajibu, kipa alidakia kutoka nyuma: "Huyu jamaa hata kwa mkutano anakaba watu." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, akaninyooshea kidole kwa mzaha, akasema beki ni beki, akapita kwenye mambo ya jezi. Swali langu halikujibiwa, na hakuna aliyegundua kwamba halikujibiwa. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile masikio yanapata moto. Walikuwa watu wazima zaidi ya thelathini, kila mmoja wao anaishi kwa kuhesabu saa za kazi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza saa za watu watatu zinaota wapi.

Zilitoka kwetu. Mwezi wa pili ratiba ya kazi ilibandikwa upya. Mshambuliaji alipewa jioni zangu tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu mazoezi ya msimu mpya yalipangwa Jumanne na Alhamisi. Winga alichukua za yule fundi bomba, aliyekuwa akijazia kipato chake kwa usafi wakati wa baridi. Kipa wa akiba aligawiwa za wengine wawili. Mimi nikabaki na Jumanne na Alhamisi, na ili nisionekane nimeonewa nikaongezewa Jumapili, mchana, jengo la madaktari.

Jumapili ndiyo siku ya mechi. Sikuondolewa kwenye timu, hakuna aliyeniambia niondoke. Nilipangiwa tu kusugua sakafu saa ile ambayo wenzangu walikuwa wakivaa jezi. Nilisimama mbele ya ratiba ile nikaisoma mara kadhaa kana kwamba ni Kiingereza kigumu. Ilikuwa siku na majina tu.

Nilipanda treni na basi nikaenda Pickering, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado pembeni mwa barabara. Sikutaka kumwambia mwenyekiti kazini mbele ya watu. Alinipokea vizuri, mke wake alileta chai na mahamri, watoto wakanisalimia kwa Kiingereza wakarudi kwenye michezo yao. Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia habari ya kiwango, na muda mfupi uliobaki, na kwamba nikishuka chini ya kiwango hata kidogo itanibidi nianze kuhesabu upya. Nilimwambia mama yangu ana umri gani. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile mbele ya mtu aliyeniajiri. Kuhusu Jumapili na mpira sikutaja. Niliona mpira naweza kuuacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Bro, nakuelewa. Lakini nishaahidi hawa watu. Nikimtoa striker saa hii nitamtazama kocha na uso gani? Vumilia msimu mmoja, bana. Septemba nakurudishia zamu zako zote." Akanipiga begani. "Mama hakimbii."

Nilirudi na basi mpaka Scarborough, na jingine mpaka kwangu. Njiani nilikuwa najiambia kwamba ni kweli, msimu mmoja si mwingi. Nilijaribu kazi nyingine. Nikaosha vyombo katika mgahawa mmoja mpaka wateja walipopungua wakaniambia wataniita. Nikaomba kiwandani, lakini Kiingereza changu cha kuombea kazi kilikuwa bado kinatetemeka. Mama nilimwambia kumetokea kikwazo kidogo. Hakuniuliza kikwazo gani. Aliniuliza kama nakula.

Timu ilimaliza nafasi ya nne.

Nalisema hili wazi kwa sababu najua msomaji anangoja niseme walishuka. Hawakushuka. Mshambuliaji alikuwa mzuri kweli, mwembamba, mwepesi, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma na aliyesema Kiswahili kinachofanana na cha kwetu. Alifunga mabao mpaka timu za Wareno na za Wajamaika zikawa zinamuulizia. Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita uwanjani nikaona dakika za mwisho. Alipokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, akageuka mara moja tu, na beki aliyekuwa akimkaba alibaki amekumbatia hewa. Hata mimi nisingemweza. Watu walikuwa wakiruka. Mwenyekiti aliniona akaja mbio akanikumbatia, akasema si unaona, si unaona. Alikuwa na furaha kama mtoto. Alisahau kabisa, na nadhani kusahau kwake ndiko kunakonikasirisha kuliko ubaya wowote, maana mtu mbaya angalau angekwepa macho yangu.

Septemba ilifika. Alinirudishia jioni moja kati ya tatu. Alisema timu imeshakuwa kubwa, hawezi kuwaacha watu walioibeba. Nilimwuliza na sisi tulioibeba mwaka jana je. Akasema nisianze.

Mwishoni mwa mwaka 2011 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya ya kuwadhamini wazazi. Foleni ilikuwa imekuwa ndefu mno, walisema, na mlango utafungwa kwa muda. Nilisikia redioni nikiwa nasukuma mopu. Waliokuwa wameshapeleka makaratasi waliendelea kungoja. Sisi ambao hatukuwa tumepeleka tulibaki nje. Kama zamu zangu zingekuwa zangu, makaratasi ya mama yangekuwa ndani tangu masika. Waliweka njia nyingine, viza ya mzazi kuja kutembelea kwa muda mrefu, nayo ilitaka kipato, na juu yake bima ya afya ambayo nilipoambiwa bei yake nilicheka peke yangu kwenye simu, mpaka binti wa bima aliyenipigia akauliza kama nipo sawa.

Mama nilimwambia ukweli safari hii. Akasema kuku aliowagawa wameshakuwa wengi, jirani humletea mayai. Alilisema kunifariji. Nilimsikia anavyolipanga neno baada ya neno ili nisidhani ananilaumu. Laiti angenilaumu.

Alifariki mwezi wa kwanza mwaka 2013, alfajiri ya kule. Jirani ndiye aliyemkuta. Kwa desturi yetu walimzika siku ileile, baada ya adhuhuri, na mimi nilipokuwa bado natafuta tiketi kwenye simu nilitumiwa ujumbe kwamba wameshatoka makaburini. Niliacha kutafuta tiketi. Nilikaa sakafuni jikoni, na kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, ilipofika jioni nikavaa nikaenda kazini. Msimamizi aliponiona uso alinirudisha nyumbani.

Watu walikuja. Hilo siwezi kulisema vibaya, watu wetu kwenye msiba huja. Walijaa sebuleni kwangu Flemingdon, viatu vikajaa koridoni mpaka mlango wa jirani Mwafghani, ambaye naye alikuja na tende. Wanaume walisoma dua sebuleni, kina mama walikuwa jikoni na chumbani. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na klabu nzima ilikuja. Mwenyekiti alikuja amevaa kanzu aliyoazima, ingawa yeye ni Mkristo, kwa heshima. Alikuwa na bahasha ya rambirambi.

Baada ya dua alisimama. Alisema klabu yetu ni familia, na mama wa mmoja ni mama wa wote. Alisema mimi ni mtu mkimya niliyeitumikia timu bila kulalamika. Alisema Mungu ndiye anayepanga, sisi tunapanga tu kidogo. Alitaka kuendelea, lakini nilikuwa nimeshasimama, na watu walidhani nasimama kupokea bahasha.

Sikupaza sauti. Wote waliokuwepo watakubali kwamba sikupaza sauti.

"Mwenyekiti," nilisema, "mama yangu alikuwa aje hapa. Hakuja kwa sababu kipato changu hakikufika. Hakikufika kwa sababu uliajiri mshambuliaji kwa jioni zangu. Nilikuja kwako Pickering nikakueleza, na ukaniambia mama hakimbii. Naomba uyajue hayo mbele ya hawa watu. Ukishayajua, kaa unywe chai."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe mahali fulani. Mwenyekiti alikuwa bado amenyoosha bahasha. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, kwamba alichofanya alikifanya kwa ajili yetu sote, kwa ajili ya timu.

"Najua," nilimwambia. "Ndiyo maana nimesema mbele ya timu."

Mzee mmoja alinishika mkono, akaninong'oneza, mwanangu, msiba si mahali pake, mwachie Mungu. Nilimjibu kwa adabu kwamba Mungu nimeshamwachia, ila mwenyekiti naye anapaswa kuachiwa fungu lake. Kipa mwenye mdomo alikuwa amekaa ukutani. Alikuwa anatazama soksi zake. Mweka hazina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni.

Bahasha sikuipokea. Kwa watu wetu kukataa rambirambi ni jambo zito, ni kama kumwambia mtu kwamba hata kaburini hamjuani. Nililijua hilo nilipolifanya. Mwenyekiti aliiweka juu ya televisheni, akavaa viatu vyake koridoni huku ameinama kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji, akaondoka. Walioondoka naye walikuwa wachache. Wengi walibaki, wakawa wanapeana chai kana kwamba chai ile ni dawa. Jioni mweka hazina aliichukua bahasha bila kuniuliza akairudisha.

Mshambuliaji alikuwa amekaa muda wote karibu na dirisha. Alikuja kwangu wakati watu wanapungua. Alisema yeye aliambiwa kuna kazi, akaja. Alisema hakujua zamu zilikuwa za nani. Nilimwambia najua hakujua, na nilimaanisha. Nilitaka kumchukia na nilijaribu, lakini mtu aliyepewa sahani hawezi kuulizwa mpishi amemnyima nani. Akaniambia mama yake yuko jikoni, angependa kunipa pole.

Sikujua kama ana mama hapa. Akanieleza, macho yake yakiwa chini, kwamba kanisa lake lilimdhamini mama yake kutoka kambini, na yeye alikuwa akichangia gharama kila mwezi kwa mshahara wake tangu aajiriwe. Mama yake alifika kabla ya theluji. Alipomaliza kusema alinitazama, na niliona kwamba ameshayaunganisha yote mwenyewe, pale pale, tangu niliposimama mbele ya mwenyekiti. Sikumsaidia. Sikumwambia si kosa lako kwa mara ya pili.

Jikoni kulikuwa na mama mfupi amefunga kitenge juu ya sweta mbili, anaosha vikombe kwa maji ya moto sana. Kina mama wengine walimwachia sinki. Alikuwa amekaa na wanawake chumbani mchana kutwa na mlango ulikuwa umefungwa, hakuwa amesikia lolote. Alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyolowa. Alisema pole, baba. Aliniuliza kama mama alikuwa mgonjwa siku nyingi, nikamwambia hapana. Akasema hiyo nayo ni neema. Aliniuliza jina lake, akalitamka taratibu mara mbili, akasema atamtaja kanisani ingawa alikuwa Mwislamu, Mungu hatakasirika.

Kisha akaanza kunisimulia, kwa ile hamu ya wageni wapya ya kushukuru kila kitu. Jinsi alivyokaa kambini miaka akidhani atafia humo. Jinsi alivyoona theluji akadhani ni majivu. Jinsi mwanawe alivyopata kazi nzuri mara tu alipofika mji huu, kwa yule mwenyekiti wa timu, mtu mwema, na jinsi kazi hiyo ndiyo iliyomleta yeye mpaka hapa. Mshambuliaji alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni. Nilimsikia akisema, "Maman, basi," lakini mama hakusikia au hakuelewa. Alinyanyua mikono juu ya sinki langu, na povu likawa linamchirizika mpaka kwenye viwiko.

"Mungu amzidishie yule mwenyekiti," alisema. "Ampe maisha marefu, yeye na nyumba yake."

Alingoja. Kina mama wawili waliokuwa wakipanga sahani waliitikia amina kwa mazoea. Yeye aliendelea kunitazama mimi, mfiwa, mwenye nyumba, kwa uso ulio wazi kabisa, akingoja na mimi niitikie.

Sikumwambia kitu. Angevunjika moyo bure, na hakuwa amenikosea. Nilimshukuru kwa kuosha vyombo, nikachukua taulo kwenye msumari nikampa afute mikono. Lakini amina sikuitikia.